Kulanti ya Maji kwa Kukata Alumini: Kuichagua, Kuichanganya, Kuipima na Kuitunza

Alumini ni laini kuliko chuma, lakini ikikatwa kavu huharibu makali na uso wa kazi (kipande kinachokatwa) kwa kasi inayowashangaza mafundi waliozoea chuma. Tatizo lake kubwa ni kunata. Chenga (vipande vinavyoondolewa na makali) inapokatika, uso mpya wa alumini ambao bado haujafunikwa na utando wa oksidi husukumwa kwa nguvu dhidi ya makali yenye joto, na chembe zake hushikamana nayo. Chembe hizo hujijenga tabaka juu ya tabaka hadi kinachokata kazi ni donge la alumini lenye umbo lisilotabirika. Kisha donge hilo hung'oka, likaondoka na vipande vidogo vya makali yenyewe, na kuacha mikwaruzo katika uso uliotarajiwa kung'aa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzuia hali hiyo kwa kulanti ya maji, yaani kimiminika cha kupoza na kulainisha makali, katika karakana yenye mashine ya lathi (inayozungusha kazi) au ya milingi (inayozungusha kikataji) iliyo na tangi na pampu.

Mafundi wengi wa kwetu wamefundishwa kutumia mafuta ya taa kwa alumini, na ni kweli kwamba yanazuia kunata vizuri. Hata hivyo, mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia kama nyuzi 38 za Selsiasi, na hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa mchana haiko mbali sana na kiwango hicho hata kabla mashine haijawashwa. Kwa tundu moja la kukatia hesi (uzi wa skrubu) kwa mkono yanaweza kuvumilika. Kwa mashine inayozunguka saa nzima, katika chumba chenye cheche za grainda na za kuchomelea, sioni hoja ya kuyatetea.

Maji huchukua joto vizuri kuliko mafuta: kilo moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili kupanda nyuzi moja, karibu mara mbili ya mafuta ya madini. Mwaka 1906 mhandisi Mmarekani Frederick W. Taylor aliripoti kwamba kumimina mkondo mkubwa wa maji mahali chenga inapokatika kuliwezesha kasi ya kukata chuma kuongezeka kwa kiasi cha asilimia 40. Kwa alumini faida hiyo huonekana pia katika vipimo, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kipande cha milimita 200 kinachopanda nyuzi 20 hurefuka kwa takriban milimita 0.09, na fundi akikipima kikiwa bado na moto ataona kipimo sahihi ambacho kitakuwa kimepungua baada ya kupoa. Lakini maji matupu hayalainishi na huleta kutu, ndiyo maana tunayachanganya na mafuta na dawa.

Hatua ya kwanza: tambua alumini uliyonayo

Alumini ya kundi la 6000, kama 6061 na 6082, inayouzwa kwa fimbo na bapa, hukatika kwa urahisi na husamehe makosa ya kulanti. Aloi za 2024, zenye shaba, na 7075, zenye zinki na shaba, ni ngumu zaidi, lakini hupata madoa na ulikaji haraka pale kulanti inapokuwa na alkali nyingi au chumvi. Alumini ya kumimina ina silikoni: aloi za kawaida huwa na asilimia 7 hadi 12, na pistoni kuukuu ambazo karakana nyingi huyeyusha au kukata upya huwa na takriban asilimia 12. Chembe za silikoni ni ngumu, nazo husugua makali kama msasa. Hapo uchakavu wa kifaa hutokana na kusagika pamoja na kunata, na kulanti pekee haitautibu ikiwa kifaa ni cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia) badala ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi.

Kabla ya kumwaga maji juu ya chuma chakavu chochote kinachofanana na alumini, hakikisha si magnesiamu. Baadhi ya vifuniko vya giaboksi na vya injini hutengenezwa kwa magnesiamu, ambayo chenga zake laini huwaka, na maji huzidisha moto huo. Magnesiamu ni nyepesi mno, gramu 1.7 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 2.7 za alumini. Kwangua sehemu ndogo hadi ing'ae, kisha dondosha siki: magnesiamu hutoa povu mara moja, ilhali alumini hukaa kimya. Kipande kilichotoa povu kisikaribie kabisa mashine yenye kulanti ya maji.

Hatua ya pili: chagua aina ya kulanti

Vilainishi vya maji vimegawanyika katika aina tatu. Ya kwanza ni emulsheni ya mafuta, ambayo ukiichanganya na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, na kwa kawaida zaidi ya nusu ya mafuta yake kabla ya kuchanganywa huwa ni mafuta ya madini. Ya pili ni nusu-sintetiki, yenye mafuta machache zaidi katika matone madogo sana, kiasi kwamba mchanganyiko wake huonekana kama maji yenye ukungu. Ya tatu ni sintetiki, isiyo na mafuta ya madini kabisa. Hupoza vizuri na hukaa safi, lakini kwa kawaida hulainisha kidogo kuliko nyingine.

Katika uchaguzi huu hali ya mashine zetu inahusika moja kwa moja. Kunata kwa alumini hupungua kadiri kasi ya kukata inavyopanda. Mashine za kisasa zenye kikataji cha kabaidi hukata alumini kwa mita 300 kwa dakika na zaidi. Ili kupata kasi hiyo kwa kikataji cha milimita 10 unahitaji mizunguko ipatayo 9,550 kwa dakika, ukigawanya mara 1,000 ya kasi kwa kipenyo kilichozidishwa na 3.14. Mashine ya milingi ya zamani inayoishia mizunguko 3,000 itakupa mita 94 tu kwa dakika, yaani eneo lile lile ambamo kunata kunashamiri. Kwa hiyo karakana yenye mashine za namna hiyo inahitaji ulainishaji zaidi kuliko upoezaji, na mimi ningechagua emulsheni ya mafuta au nusu-sintetiki iliyotajwa wazi kuwa na esta au asidi za mafuta. Molekuli hizo zina ncha inayong'ang'ania uso wa metali, nazo hutengeneza utando mwembamba unaotenganisha chenga na makali hata pale shinikizo linapokuwa kubwa.

Soma karatasi ya maelezo ya bidhaa kabla ya kununua, na usitosheke na neno la muuzaji kwamba ni ya metali zote. Tafuta mambo haya: iwe imeidhinishwa kwa alumini, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya mchanganyiko iwe kati ya 8.5 na 9.3, iwe na vizuizi vya madoa ya alumini, kama silikati au esta za fosfeti, isiwe na nitriti, kwa kuwa nitriti ikikutana na baadhi ya amini huzalisha nitrosamini ambazo nyingi husababisha saratani, na itaje kizidishio cha rifraktomita (kifaa kidogo kinachopima kwa mwanga uzito wa mchanganyiko), ambacho utakihitaji kila wiki.

Vimiminika viwili visitumike hata kwa dharura. Kulanti ya rejeta ya gari ina jina linalofanana, lakini imetengenezwa kwa mfumo uliofungwa, mara nyingi kwa glikoli yenye sumu, na haikukusudiwa kurushwa hewani mbele ya uso wa fundi. Maji ya sabuni ya kufulia nayo hufikia pH ya 10 au zaidi, kiwango ambacho hula alumini na kuiachia madoa meusi, huku njia za mashine (reli ambazo sehemu zake huteleza juu yake) zikishika kutu.

Hatua ya tatu: pima maji kabla ya kununua mafuta

Takriban asilimia 90 ya kilichomo katika tangi ni maji, na bado ndiyo sehemu ambayo karakana nyingi haziipimi kabisa. Nimeona kulanti nzuri na ya bei kubwa ikilaumiwa kwa kasoro iliyotoka kisimani.

Ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka, unafaa ukiwa takriban miligramu 80 hadi 125 kwa lita. Ukizidi 200, madini hayo huungana na viungo vinavyoshikilia mafuta ndani ya maji na kutengeneza utando wa sabuni unaoelea, unaoziba chujio na kugandia kuta za tangi. Mafuta yanayobaki hujitenga na kupanda juu. Maji yakiwa laini mno, chini ya miligramu 50 hivi, kulanti hutoa povu, nalo povu huingiza hewa katika pampu na kuzuia kimiminika kisifike kwenye makali. Kloridi ni adui wa pili, kwani hutoboa utando wa oksidi unaoilinda alumini. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na kipimo rahisi ni ulimi: ladha ya chumvi kwa kawaida huanza kuonekana kloridi inapofikia miligramu 200 hadi 300 kwa lita, kiwango ambacho tayari ni kikubwa mno kwa kazi hii. Karatasi za kupimia ugumu, kloridi na pH ni rahisi kutumia, na ni bora kuzinunua kabla ya pipa la mafuta.

Ikiwa maji ya kisima hayafai, tumia ya bomba. Ikiwa nayo ni magumu, yachanganye na maji ya mvua, ambayo karibu hayana madini. Nusu kwa nusu ni mwanzo mzuri, kisha upime tena. Maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi nayo yana madini machache, lakini hubeba vumbi na bakteria, hivyo yachujwe na yatumike yakiwa mapya.

Tatizo la madini huongezeka siku hadi siku, kwa sababu maji huvukiza na madini hubaki. Tangi lililoanza na maji ya miligramu 150, likishapoteza kwa kuvukizwa na kuongezewa maji hayo hayo kwa jumla ya ujazo unaolingana na tangi zima, litakuwa na takriban miligramu 300. Kwa sababu hiyo maji laini yana thamani kubwa zaidi wakati wa kujaziliza kuliko siku ya kwanza, na mwenye maji machache ya mvua afadhali ayatunze kwa ajili hiyo.

Hatua ya nne: safisha tangi

Kulanti mpya ikimwagwa juu ya tope la zamani hurithi bakteria wake ndani ya siku chache. Zungusha dawa ya kusafishia mfumo kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji, mwaga, kisha fungua vifuniko ukwangue tope la chenga kwenye pembe, chini ya pampu na ndani ya mifereji ya kurudishia. Suuza kwa maji yenye kiasi kidogo cha kulanti mpya ili kutu isianze, na umwage maji hayo pia.

Hatua ya tano: changanya

Weka maji kwanza, kisha mimina mafuta polepole huku ukikoroga, na kamwe usianze na mafuta. Kinyume chake hutoa mchanganyiko mzito ambamo maji ndiyo yaliyonaswa ndani ya mafuta, na hata ukiongeza maji baadaye hautarudi kuwa sawa. Changanya katika ndoo au pipa safi nje ya mashine, kwa maji yenye joto la kawaida. Kwa kukereza na milingi ya kawaida kusudia asilimia 6 hadi 8. Kwa mashine ya kasi ndogo niliyoieleza, asilimia 8 hadi 10. Kwa kukata hesi na kutumia rima (kifaa cha kusawazisha tundu), asilimia 10 hadi 12, mradi mtengenezaji anaruhusu. Tangi la lita 100 kwa asilimia 8 litachukua lita 92 za maji na lita 8 za mafuta.

Hatua ya sita: ifikishe kwenye makali

Mkondo unaomwagikia mgongo wa kikataji hupendeza macho tu. Elekeza bomba mahali chenga inapoachana na kazi, na ikiwezekana weka mabomba mawili pande tofauti ili moja lisizibwe na kikataji. Mkondo uwe mwingi, kwani kazi yake nyingine ni kusukuma chenga nje. Chenga inayokatwa mara ya pili huchochea kunata. Katika milingi ya chuma kwa kabaidi, mafundi huogopa kumwaga kulanti kwa sababu makali yanayopashwa moto na kupozwa mfululizo hupata nyufa. Kwa alumini hofu hiyo ni ndogo, kwa kuwa metali hii huyeyuka kwa nyuzi 660 na joto la makali haliwezi kufikia viwango vya chuma.

Kulanti haiwezi kufuta makosa ya kifaa. Tumia kikataji chenye mifereji 2 au 3 iliyong'arishwa, ili chenga ipate nafasi ya kutoka, na uepuke vikataji vilivyopakwa utando wenye alumini ndani yake, kwa sababu alumini huvutiwa na alumini. Unapotoboa tundu lenye kina kinachozidi mara tatu ya kipenyo, toa biti mara kwa mara ili kulanti iingie hadi chini. Unapokata hesi, paka kwenye tapu (kifaa cha kukatia hesi) kiasi kidogo cha mafuta yale yale ya kulanti kabla hayajachanganywa. Yakidondokea tangini yatachanganyika bila kuwa uchafu, tofauti na mafuta mengine ya kukatia. Paka mashine ikiwa imesimama.

Hatua ya saba: pima kila wiki, na uandike

Dondosha tone la kulanti kwenye rifraktomita iliyosawazishwa kwa maji yale yale ya karakana, soma kipimo cha Brix (namba inayoonyeshwa na kifaa hicho), kisha kizidishe kwa namba ya mtengenezaji. Kipimo cha 4 chenye kizidishio cha 1.5 ni asilimia 6, na wengi hukosea kwa kusoma 4 hiyo kana kwamba ndiyo jibu.

Ujazo unapopungua, usijazilize kwa maji matupu wala kwa kukisia. Tuseme tangi la lita 100 limebaki na lita 80 na kipimo ni asilimia 9.5, kwa kuwa yaliyoondoka zaidi ni maji. Mafuta yaliyomo ni lita 7.6, unahitaji lita 8 ili kurudi asilimia 8, basi ongeza lita 20 za mchanganyiko wenye mafuta lita 0.4, yaani asilimia 2. Hesabu hiyo inachukua dakika moja, na huokoa mafuta mengi kwa mwaka.

Pima pia pH. Utando unaoilinda alumini hutulia zaidi kati ya pH 4 na 8.5, ilhali sehemu za chuma za mashine na udhibiti wa bakteria huhitaji alkali. Kiwango cha 8.5 hadi 9.3 ni mapatano kati ya mahitaji hayo, na vizuizi ndivyo vinavyoyawezesha. pH ikishuka chini ya 8.5, bakteria wameanza kuzalisha asidi. Ikipanda juu ya 9.5, tarajia madoa, hasa kwa 2024 na 7075.

Mafuta ya njia za mashine na ya haidroliki yanayovuja huelea juu na kufunika kulanti kama kifuniko. Chini yake oksijeni huisha, na bakteria wasiohitaji hewa hutoa ile harufu ya mayai yaliyooza inayopokea watu Jumatatu asubuhi. Yaondoe kila siku kwa kikwanguo au kitambaa kinachonyonya mafuta, na usiache pampu imelala wikendi nzima ikiwa unaweza kuizungusha kwa muda mfupi au kupuliza hewa tangini kwa pampu ndogo ya samaki wa mapambo.

Alumini ikianza kunata tena ilhali jana ilikatika vizuri, fuata mpangilio huu: angalia makali, kisha mwelekeo wa bomba, kisha asilimia, kisha mafuta yanayoelea. Ni mara chache utafika mwisho wa orodha bila kupata jibu. Madoa yanayotokea baada ya kazi kukaa usiku hutokana mara nyingi na chenga zenye unyevu zilizoachwa juu yake. Suuza kipande, kikaushe, na usikilaze kwenye chuma kikiwa na maji.

Afya, chenga na kumwaga

Kulanti huondoa mafuta ya ngozi, na mikono inayolowa siku nzima hupata ukurutu, hasa mchanganyiko ukiwa mzito kuliko inavyotakiwa. Nawa kwa sabuni ya kawaida, paka losheni, badilisha nguo zilizolowa, na uvae glavu unapochanganya mafuta lakini kamwe si karibu na spindo (mhimili unaozungusha kifaa au kazi) inayozunguka. Ukungu wake haufai kuvutwa. Mwaka 1998 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza kiasi kinachofika kifuani kisizidi miligramu 0.4 kwa mita ya ujazo ya hewa. Weka kinga mbele ya kikataji, fungua madirisha, na uache kupuliza kazi iliyolowa kwa hewa ya kompresa.

Chenga laini za alumini zikikaa na maji hutoa hidrojeni, kwa hiyo zichujwe vizuri na ziwekwe katika chombo kisichofunikwa kwa kubana, mbali na moto. Zikiwaka, tumia mchanga mkavu, si maji. Chenga kavu na zisizochanganyika na chuma huuzwa kwa bei nzuri zaidi, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuzitenganisha tangu kwenye mashine.

Kulanti iliyochoka, yaani ile ambayo harufu na pH yake havirudi sawa hata baada ya kurekebishwa, haimwagwi kwenye mtaro, shimoni wala kwenye ardhi. Matone ya mafuta yake yameshikiliwa ndani ya maji, hivyo hayatajitenga yenyewe kama mafuta ya injini, na mara nyingi yamebeba metali. Ihifadhi katika pipa lenye lebo na uikabidhi kwa mkusanyaji aliyesajiliwa na mamlaka ya taifa ya mazingira nchini Tanzania au Kenya. Mafuta yaliyokwanguliwa juu ya tangi yawekwe katika pipa lake peke yake, kwa sababu hayo hupokelewa pamoja na mafuta machafu ya injini, na kwa kuyatenga ujazo wa kulanti unaopaswa kulipiwa hupungua.